Tui Juu ya Damu

Jumatatu, 1 Machi 1993

Nimekuna nazi mbili. Futari leo mihogo na samaki. Baba Zuhura kaenda Mchikichini kwenye meza yake ya viatu vya mitumba. Amefunga. Ana sukari, na daktari alimkataza tangu Shaabani. Imamu naye akamwambia mgonjwa ana ruhusa, alishe masikini. Hasikii la huyu wala la yule. Eti miaka ile ya foleni za chakula aliishi kwa uji mtupu, leo saumu imshinde? Nimechoka kubishana na mtu mzima. Angalau sindano zake za insulini anachoma, anasema. Alhamdulillahi kwa hilo.

Jumatano, 3 Machi

Anakonda. Akifuturu anakunywa maji kama mfereji, halafu chooni, kitandani, chooni. Nikasema twende hospitali.

"Mama Zuhura, mpaka mkojo unanihesabia?"

Wapangaji wenzetu uani wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Sukari nimeifukuza humu ndani, hata tende anakula moja. Nampikia tui zito, naongeza samli apate nguvu. Sasa kinachommaliza ni nini?

Ijumaa, 5 Machi



Mgawo wa umeme tena. Nikakimbilia kwa Mama Bhavna, jirani wa mlango wa mbele. Wao ni Wahindu, nyama haiingii kwao wala mayai, na chupa ya insulini yetu inakaa kwenye friji yao, rafu ya mtindi. Nilitaka kuizungushia barafu.

Chupa imejaa. Kifuniko hakijabanduliwa.

"Dada, mimi nilidhani mmenunua nyingine mnaweka kwenye mtungi," Mama Bhavna kasema. "Shemeji hajagonga hapa tangu mwezi uandame."

Tangu mwezi uandame! Nimembana Baba Zuhura. Kajibu bila aibu: mtu asiyekula mchana kutwa, sukari itapanda kwa ngazi gani? Sindano ya nini?

Nimemtukana, na saumu yangu mdomoni. Ee Mola, nisamehe.

Jumamosi, 6 Machi

Kaanguka sokoni. Anahema kama aliyekimbia, kifua kinambana. Wenzake wamembeba kwenye mkokoteni hadi penye teksi. Amelazwa. Sijui niandike nini.

Jumatatu, 8 Machi

Amefumbua macho. Daktari wake ni binti mdogo tu, kaniamkia shikamoo kwa adabu, akanionyesha kichupa cha damu waliyomtoa siku ile, imetulia. Chini nyekundu. Juu nyeupe. Tui. Tui la kwanza kabisa, lile la kukamua bila maji.

Kanieleza polepole. Moyo hauli sukari tu, chakula chake kikubwa ni mafuta. Kwenye kuta za mishipa midogo kuna kimeng'enya, kitu ambacho mwili unajitengenezea, kazi yake kuvunja mafuta yanayopita na damu ili moyo na misuli iyatumie. Insulini ikikosekana, kinalegea, mafuta yanabaki yanaelea. Nikauliza, na kile cha moyoni kwenyewe? Hapo, kasema, wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema kinapungua, wengine kinazidi.

Nikapandwa na hasira. "Mwanangu, nyinyi mliosoma mnabishana, sisi tushike lipi?"

"Mshike sindano, mama. Hiyo hatubishani. Na samli mpunguze."

Samli! Miaka ile kopo la mafuta ya kupikia tulilipigania foleni tangu alfajiri. Leo Kariakoo yote makopo ya kila rangi, na mwili wa mume wangu haujui pa kuyapeleka.

Jumatano, 10 Machi

Anataka kurudi kwenye saumu. Imamu kaja wodini, kakaa naye, kamwambia kujiua si ibada. Baba Zuhura kageukia ukuta. Imamu alipoondoka ndipo akasema linalomsumbua. Mchikichini anayekula mchana wa Ramadhani wanamwita kobe. Yeye ndiye huwa wa kwanza kuwazomea.

"Bora nife nimefunga."

Na mimi je? Hakufikiria hata hilo. Nimetoka bila kuaga.

Jumapili, 14 Machi

Yuko nyumbani. Asubuhi nimesikia hodi kwa Mama Bhavna, sauti ya Baba Zuhura mwenyewe, kafuata chupa yake. Nimeendelea kufagia.

Sahani ya kwanza ya wali imeenda kwa mzee kipofu wa pale msikitini, ndiyo fidia ya Baba Zuhura kwa siku asiyofunga. Adhuhuri nimemwekea yeye ndizi za kuchemsha na mchicha, nikashusha pazia. Kakaa anaitazama sahani.

"Njoo ukae," kasema. "Nisile kama mwizi."

Nimekaa na mbuzi wangu, nakuna nazi ya futari. Anakula, mimi nakuna.

Kisha kanipa sahani tupu. "Kobe kamaliza."

Nimecheka. Nimeingia jikoni, nikalia kidogo. Tui nimeliacha mpaka likatulia, nikaengua lile zito la juu. Mchuzi umekuwa mwepesi.