Kumwachia Baba

Jumapili usiku, nyumbani Picha ya Ndege

Bora nisingemwachia Baba ashinde. Tangu nirudi kutoka kwake Kisarawe nawaza hilo tu.

Anaumwa, mikono inatetemeka, lakini nilipomwamkia aliitikia marahaba na hapo hapo akaagiza ubao wa sataranji. Malkia mweusi bado ni kile kizibo cha soda. Mimi sijacheza miaka kumi na mitano. Niliacha nikiwa bingwa wa watoto, kwa sababu kabla ya kila shindano nilikuwa natapika. Baba hakuniuliza kitu.

Leo alikosea mapema. Niliuona ushindi wangu, nikajifanya sijauona. Nikampelekea mfalme wangu kama mbuzi wa Idi.

Hakufurahi. Alinitazama weee.

"Ulikuwa unalia hapa hapa, una miaka sita, na sikukuachia hata siku moja," akasema. "Kumbe nimeshakuwa mtu wa kuonewa huruma?"

"Nimesahau kucheza tu, Baba."

Alizikusanya kete moja moja, akazitia kwenye kopo lake, akanipa.

"Nenda nalo, mwanangu. Huku sina tena wa kucheza naye."

Nikalipokea kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha.