Kengele ya Kupewa

Rapid City, Mei

Baba yangu mpenzi,

Sisi wazima, na mjukuu wako Junie ameota meno mawili. Jumamosi mimi na mume wangu Tate tulinunua pikipiki kubwa ya safari ndefu. Ni nzito kama fahali, ina gia ya kurudi nyuma, na vishikio vyake hupata moto ukibonyeza kitufe. Nilibonyeza kila kitu mpaka muuzaji akauliza, "Dada, unanunua au unaipima homa?"

Tate akachungulia chini ya injini. "Haina kengele, ile ndogo inayofungwa huku chini ya kumlinda mwendeshaji," akasema. Nikamwambia tununue palepale. Akacheka. "Ya kujinunulia haifukuzi mashetani wa barabarani, mama Junie. Sharti upewe na mtu anayekutakia ufike salama."

Baba, hukuja harusini, na mume wangu hujawahi kumpa mkono. Lakini ni yeye aliyesema, "Mwombe mzee atupe kengele, yeye ndiye mwendesha pikipiki wa siku nyingi." Hataki kuitoa pikipiki bandani kabla hujajibu.

Hivi, kengele yenyewe hulia kweli pikipiki ikienda, au upepo huimeza? Njoo uifunge, tusikilize wote.

Binti yako,
Darla