Shikamoo Zinazosubiri Kuidhinishwa

Mpendwa mtani wangu Kabula,

Najua uko Tindiga kwa mama yako unasubiri kujifungua, miguu imevimba, unanyweshwa uji wa ulezi na kukatazwa kuinama. Najua pia kwamba huko kwenu mtandao unashika ukienda kusimama nyuma ya zizi la ng'ombe, na mama yako hawezi kukuruhusu kusimama huko na tumbo hilo. Kwa hiyo barua hii naiweka hapa kwenye blogu ya shule, utaisoma ukishatulia. Wanafunzi wataiona kabla yako. Waione tu, maana inawahusu, na wengine walishajua siku nyingi.

Nakuonea wivu, Kabula. Si wivu wa utani, ule tuliozoea kurushiana ofisini. Huu ni ule wa kumfanya mtu mzima aone chai chungu kwa sababu tu mwenzake ametajwa.

Unakumbuka siku ulipoingia ofisi ya walimu hapa Kimamba? Ulikunja goti ukanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa raha zangu, kwa sababu wakati mimi naanza kufundisha Kiswahili shule hii wewe ulikuwa bado unachunga ndama wa baba yako. Chai haijaisha, ukauliza kwetu ni wapi. Nikakuambia mimi ni mwenyeji wa bonde hili, kwetu Mvumi. Ukaweka kikombe chini.

"Kumbe kwa kabila wewe ni mtani wangu. Basi madam, ile shikamoo naomba unirudishie."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Hukunipa tena shikamoo mpaka unahama. Ukawa unaingia asubuhi na kuniuliza, "Mtani, bado hujafa?" nami nakujibu kwamba nasubiri kukuzika wewe kwanza. Walimu wapya walikuwa wanashtuka.

Tulikaa meza moja. Tulikula mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja huku tunasahihisha insha za kidato cha pili kuhusu mkonge, mimi kwa kalamu nyekundu, wewe kwa ya kijani, eti nyekundu inawatisha. Siku moja ukauliza, "Hizi insha anazisoma nani?" Nikasema ninazisoma mimi, nani mwingine? "Ndiyo shida yenyewe, mtani. Wewe mkonge unaujua tayari. Sasa mtoto akueleze nini?" Nilikuambia umeze muhogo kwanza ndipo uongee.

Ndipo ukaja na blogu. Kompyuta za shule zinazowaka zilikuwa chache, mtandao ulitoka kwenye simu yako, na watoto walipanga foleni mpaka nje ya mlango kila Ijumaa. Swali lako la kwanza lilikuwa rahisi: kwenu kukoje mvua zikianza? Jumatatu ukafungua kwa hamu, ukaniita nije nione. Chini ya swali lako palikuwa na maoni ya darasa zima. "Shikamoo mwalimu." "Shikamoo mwalimu." "Shikamoo mwalimu Kabula." Mpaka mwisho. Hakuna aliyeandika hata tone la mvua.

Ukaenda darasani kuuliza kulikoni. Mwajuma ndiye aliyesimama, yule mpole wa dawati la pili. "Mwalimu, ulikuwa hujaitikia."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Watoto walikuwa sahihi kabisa. Nani anaanza kumweleza mkubwa habari za mvua kabla hajaitikiwa salamu? Nikakushauri uandike marahaba moja kubwa pale juu, iwatoshe wote. Ukakataa. "Mtoto akikusalimia unamwitikia yeye. Huitikii ukuta." Ukakaa pale unaandika marahaba Mwajuma, marahaba Shabani, marahaba Neema, mmoja mmoja, mpaka mihogo yetu ikapoa. Ijumaa iliyofuata mvua zilinyesha kwenye ile blogu mpaka paa zikavuja. Nilisoma yote. Siku hiyo sikuwa na wivu bado, nilijisikia fahari kana kwamba nami nina mkono wangu humo.

Kisha ukahama kumfuata mumeo Mikumi. Nilidhani blogu itabaki kwetu, au itakufa. Kumbe ilipanda gari na wewe, ikachukua na darasa langu, na mtandao sasa ukatoka kwenye simu yangu.

Wanafunzi wako wa Mikumi wakaanza kuandika kuhusu tembo wanaoingia kwenye mahindi, na wangu wakauliza mnawafukuzaje. Wakajibiwa habari za kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Mtoto mmoja wa kwako naye akauliza, "Huo mkonge wenu unafananaje? Unaliwa?" Sasa sikiliza. Mimi nilishawapa insha ya mkonge mwaka jana. Mwajuma aliniandikia hivi: "Mkonge ni zao la biashara." Nukta. Nikampa alama zake za kumsukuma.

Kwa yule mtoto wa Mikumi aliandika ukurasa. Aliandika kwamba mkonge hauliwi, na ukikatiza shambani bila suruali ndani ya kanga, utomvu wake utakuwasha mpaka usiku. Kwamba nyuzi zikianikwa zinang'aa mpaka ukitoka ndani lazima ufumbe jicho moja. Kwamba bibi yake huzisokota kamba za kufungia mbuzi, na treni ikipiga honi kituoni mbuzi wote huzivuta kwa pamoja.

Niliisoma nimesimama. Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilijiuliza kwa nini hakuniandikia mimi. Na chini yake ulikuwa umeandika wewe: "Mwanangu Mwajuma, umenifikisha shambani." Mwanangu! Mtoto ambaye kila siku anakaa pale mbele ya macho yangu, mimi ndiye ninayejua kwamba haoni vizuri ubaoni, mimi ndiye niliyemhamishia dawati la pili.

Nikataka nami niseme kitu. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika maneno mawili matatu ya kumpongeza, nikabonyeza kutuma. Yakatokea maandishi: maoni yako yanasubiri kuidhinishwa. Kuidhinishwa na nani? Na wewe, uliyeko Mikumi. Yaani mimi, ili niongee na mwanafunzi wangu aliyekaa kompyuta ya jirani, nisubiri ruhusa yako. Jioni ukaniidhinisha, ukaongeza, "Karibu sana mtani." Najua uliandika kwa moyo mweupe. Lakini nilikaribishwa nyumbani kwangu, Kabula, na hilo liliniuma.

Basi ulipochukua likizo ya uzazi ukaenda Tindiga, ukanyamaza. Watoto wakaandika shikamoo zao Ijumaa ile, wakasubiri. Ijumaa ya pili mkuu wa shule akapita, akawakuta wamekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Madam, hawa wanafanya nini?"

"Wanasubiri marahaba," nikamjibu.

Akaniangalia kama ninayemtania. Akasema kidato cha nne wanakaribia mtihani na kipindi kile bora wapewe wao, blogu ya mwalimu aliyehama tunaing'ang'ania ya nini. Nitoe maoni yangu kwenye kikao cha walimu, akasema, atanisikiliza mimi kwa sababu Kiswahili ni somo langu. Nikaona mlango umefunguliwa. Nikaanza kukusanya ushahidi: mtoto aliyeandika "xaxa" badala ya sasa, aliyeandika "cjui", na mmoja, Mungu amsaidie, aliyeandika "xhkamoo". Hotuba yangu ilikuwa tayari kichwani. Blogu inaharibu Kiswahili. Nani angenibishia?

Ndipo ukaja ujumbe wako kwa simu ya mama yako, una paswedi ya blogu na maneno machache: "Mtani, waitikie wanangu." Wanangu tena. Niliutazama ule ujumbe kwa hasira nikauacha pale ulipo.

Ijumaa nikafungua. Sikufungua kwa wema, usijidanganye, nilitaka "xaxa" nyingine za kupeleka kikaoni. Lakini kuingia kwa mlango wako si sawa na kusimama nje. Shikamoo zote zilikuwa zimerundikana pale ndani, za Kimamba na za Mikumi, za watoto nisiowajua hata sura. Mimi nimelelewa Mvumi. Sijawahi kupewa shikamoo nikapita kimya kama sijasikia. Nikaandika marahaba Neema. Nikaandika marahaba Shabani. Jina lililotokea kando ya kila marahaba lilikuwa lako, nikaumia, nikaendelea. Nilipofika kwa yule bwana wa "xhkamoo" nikamwandikia: "Marahaba. Ila ni shikamoo. Hiyo X haina kazi kwenye Kiswahili."

Sijamaliza kuwaitikia wote, nikaona maoni mapya yanasubiri. Ya Mwajuma, kutoka kompyuta ya jirani: "Mwalimu Kabula pole na uchovu, ila mbona leo unasahihisha kama madam wetu?"

Madam wetu. Nilisoma mara ya pili. Nilipogeuka, alikuwa ameshageuka, ananiangalia na hajui acheke au aombe radhi. Nikatafuta mahali pa kubadilisha jina, nikaondoa lako, nikaweka langu. Punde ikaingia: "Shikamoo madam." Nikamwidhinisha, nikamwitikia. Wakafuata wengine, na kabla kipindi hakijaisha mtoto wa Mikumi naye akaandika, "Shikamoo madam wa Kimamba, mwalimu Kabula ameshajifungua?"

Kikaoni sikutoa ile hotuba. Nilisoma sentensi ya Mwajuma ya mwaka jana, "Mkonge ni zao la biashara," kisha nikasoma habari za mbuzi na honi ya treni. Mkuu akauliza nani ataisimamia wakati wewe hupo. Nikasema mimi, haraka, kama mtu anayewahi kiti. Kidato cha nne wamepewa kipindi cha Alhamisi.

Usidhani wivu umeisha. Kila Ijumaa lazima mtu akuulizie, na kila Ijumaa chai yangu inakuwa chungu kidogo. Mwajuma nilimwomba ruhusa ya kumtaja humu. Amekubali, anakusalimia, na anasema mtoto akiwa wa kike usimsahau kwenye jina.

Jifungue salama, mtani. Hilo naliomba kila swala, na utani haumo. Ila ukirudi utakuta paswedi nimeibadilisha, wala usimuulize Mwajuma, hajui. Utaandika maoni yako hapa chini kama wenzako. Utaambiwa yanasubiri kuidhinishwa, nawe utasubiri. Na uanze na shikamoo, ile uliyoninyang'anya ofisini siku ya kwanza. Nitakuitikia wewe, kwa jina.

Ni mimi, mtani wako mkubwa,
Madam wa Kimamba