Mwambie Babu Yako Ale Ikiwa ya Moto

Nyumba za Kabila
8 Septemba

Hanwi mwanangu,

Sasa hivi umetema nyama kiganjani, ukaitazama kama mtu aliyeuziwa kiatu kibovu, halafu ukaenda kuificha ndani ya buti la baba yako. Mama amekuona. Wala hukukosea, baga ile hata mimi imenishinda kutafuna.

Nakuandikia wewe ingawa miaka mitatu hujafika na kusoma hujui, kwa sababu maneno haya yanakwenda kwa babu yako, na mke wa mtu hamsemeshi baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Ndiyo heshima yetu. Bibi yako Leona alipokuwa hai alisimama katikati yetu, akapokea neno huku akalipeleka kule, na mara nyingine akaongeza lake. Tangu tumzike mwezi wa tano hakuna wa kubeba. Jumapili ile alipotuletea nyama, akabaki nje kwenye gari, nilikutuma wewe, nikasema, "Mwambie Babu kahawa iko tayari," ukafika ukamwambia, "Babu, paka!" Neno ulilidondosha njiani, mpenzi wangu. Nikamwomba shangazi yako Arlette, akasema, "Mimi naendesha basi la shule, mimi si simu. Andika, nitapeleka nikipita Kijito cha Mierebi."

Basi mwambie babu yako tunamsalimu sana. Sisi wazima. Baba yako Delmar kapiga simu kutoka Teksasi, bado anapanda ile minara ya umeme wa upepo, atarudi Krismasi. Na babu yako, hali yake? Mgongo? Kile kikohozi?

Mwambie asante kwa nyama ya nyati aliyotuletea, ya yule nyati ambaye kabila lilimtoa kwa msiba wa Bibi. Mimi nilizoea baga za ng'ombe wa dukani. Nikawasha moto mkali, nikaibonyeza kwa mwiko mpaka ikalia, ikatoka nyeusi na ngumu kama soli. Namtumia moja hivyo hivyo, naona aibu kula nyama yake na yeye asionje.

Na umuulize, taratibu, anakula nini. Arlette anasema suruali yake siku hizi inashikwa na kamba, na kliniki wamemwambia akipungua tena watamlaza. Mimi sijauliza. Unauliza wewe.

Mama yako,
Tashina


Kijito cha Mierebi
12 Septemba

Mjukuu wangu Hanwi,

Barua yako imefika. Una mwandiko mzuri kwa umri wako. Mimi mzima, mgongo ni uleule, kikohozi kimeniacha. Mbwa wangu Polisi anakusalimu.

Mwambie mama yako asante kwa baga. Nimeila.

(Hapa mama yako afumbe macho, ni maneno yetu sisi wawili. Sikuila. Nilimpa Polisi. Polisi akaizunguka, akaibwekea, akaenda kuizika nyuma ya ghala. Na huyu ni mbwa anayekula mikanda.)

Sasa afumbue. Mwambie nyati si ng'ombe. Nimelinda kundi la kabila tangu baba yako hajazaliwa, namjua mnyama yule. Mwilini hana mafuta ya kumkinga, moto mkali unamkausha mara moja. Moto uwe wa chini. Asibonyeze, akibonyeza anamwaga utamu wote kwenye kikaango. Ageuze mara moja tu, atoe ndani ingali nyekundu kidogo, aiache ipumue. Nampelekea mafuta ya figo, ayakatekate madogo achanganye. Nampelekea na kikaango cha chuma cha bibi yako. Kilikuwa kinaning'inia ukutani kunitazama tu. Asikioshe kwa sabuni, Leona atafufuka.

Kuhusu kula, nakula. Biskuti za chumvi na kahawa ni chakula.

Babu yako


Nyumba za Kabila
21 Septemba

Hanwi mwanangu,

Mwambie babu yako shikamoo nyingi, na kwamba kikaango kimefika salama. Nilikikumbatia pale mlangoni kama mtoto, kikanichafua blauzi yote, sikujali. Asante. Sikutegemea kupewa kitu kile.

Nimefanya kama alivyosema. Moto wa chini, mikono nimeifungia kifuani nisije nikabonyeza. Kipande cha kwanza tumekiweka nje chini ya dirisha kwa ajili ya Bibi. Cha pili umekula wewe, mchuzi ukakushuka mpaka kwenye kiwiko, ukalamba kiwiko, ukasema, "Tena." Mwanangu ambaye nyama huificha kwenye mabuti!

Hiyo hapa ni ya kwake, imo ndani ya mkate, nimeifunga kwa karatasi na kitambaa. Polisi asipewe.

Mama yako,
Tashina


Kijito cha Mierebi
26 Septemba

Mjukuu wangu,

Hatujambo. Nyasi zimeanza kuwa za njano, na kundi limesogea karibu na uzio.

Mwambie mama yako asante. Safari hii nimekula nusu, kweli, Arlette ni shahidi. Ni baga nzuri. Ila kuna kitu kimepungua. Ya Leona ilikuwa na kitu, sijui alitia nini, sikuwahi kumuuliza. Miaka yote ile nilikaa mezani nikingoja sahani kama bwana mkubwa. Mama yako asihangaike.

Babu yako


Nyumba za Kabila
16 Oktoba

Hanwi mwanangu,

Msalimu babu yako. Mwambie mama yako amehangaika.

Nimetia kitunguu. Nimetia unga wa viazi mwitu, nimechomoa viwili kwenye ule msuko wa viazi vilivyokaushwa aliotuachia Bibi, nikavitwanga. Nimepaka juu mchuzi wa matunda mwitu meusi. Kila mara nampa Arlette, na kila mara karatasi inarudi na neno lilelile, "Nzuri, ila kuna kitu kimepungua."

Jana Arlette alizima basi hapa mlangoni watoto wakiwa ndani, akashuka.

"Tashina, nyinyi wawili mnanichosha. Unajua kitu gani kimepungua?"

"Nini? Kitunguu saumu?"

"Moto, wifi! Moto! Unanipa baga saa moja asubuhi, nazunguka na watoto wa watu bonde zima, mzee anaipata saa tatu imeganda mafuta kama mshumaa. Mama Leona alikuwa anaitoa kwenye kikaango anamtupia kwenye sahani, anamwambia kula kabla sijabadili mawazo. Hakuna dawa nyingine. Aje ale hapa."

"Arlette, atakujaje? Delmar hayupo. Nani atasimama katikati yetu?"

Akapandisha mabega, akawasha basi. Watoto wakanipungia.

Sikulala vizuri, nikafikiri, nimepata hili. Mwambie babu yako, kama si kukosa adabu, kwamba kati ya jikoni na sebule nitatundika lile blanketi la nyota alilolishona Bibi. Nyota ni kubwa, inaziba mlango wote. Yeye atakaa sebuleni karibu na jiko la kuni, mimi nitakuwa jikoni. Hatutaonana. Wewe Hanwi utapita chini ya blanketi na sahani. Ni Bibi yako mwenyewe atakuwa amesimama katikati, kwa namna hiyo.

Mama yako,
Tashina


Nyumba za Kabila
2 Novemba

Hanwi mwanangu,

Theluji ya kwanza imeanguka, nawe umeiita sukari. Babu yako hajajibu. Arlette anasema anachukua barua mkononi, anaitikia kwa kichwa, anafunga mlango. Baga hazifungui tena, Arlette anazikuta zimebaki juu ya ngazi.

Mwambie babu yako, kama nimevuka mpaka, anisamehe. Sina mama wala baba wa kunifundisha mipaka yote, niliyemtegemea kwa hayo ni Bibi. Lakini sitaondoa blanketi mlangoni. Limekaa vizuri pale.

Apate kuni za kutosha, na asipande juu ya paa kuondoa theluji.

Mama yako,
Tashina


Kijito cha Mierebi
5 Novemba

Mjukuu wangu Hanwi,

Mimi mzima, nakuombea na wewe.

Mwambie mama yako hakuvuka mpaka wowote. Leona alipenda kusema kwamba mwanamke yule ana adabu mpaka kwenye vidole, na mimi sikuwahi kumtumia neno hilo, basi namtumia leo.

Nimeshawasha gari mara mbili kuja huko. Mara zote mbili nimefika kwenye kona ya kanisa nikageuza. Naogopa kuingia nyumba ambayo nikiita, "Leona, mwambie," hakuna atakayeitika. Polisi alinitazama kama mjinga njia nzima.

Nitakuja Jumamosi. Nitakula, nitashukuru, nitaondoka kabla ya giza.

Babu yako


Jikoni
9 Novemba

Hanwi mwanangu,

Naandikia juu ya meza ya unga, kikaango cha Bibi kiko hapa pembeni kinaimba taratibu. Leo salamu ni fupi, hali ya babu yako naisikia kwa masikio yangu. Iko upande wa pili wa nyota. Anatafuna. Mwanangu, anatafuna!

Sahani ya kwanza umeibeba kwa mikono miwili, ulimi nje, baga ikateleza mpaka ukingoni ikabaki. Akakata kipande akakutuma ukakiweke kwa Bibi chini ya dirisha. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa. Nikasimama na mwiko hewani. Ndipo nikamsikia anasema, si kwangu, labda kwa sahani, "Hii ndiyo." Halafu akapenga kamasi kwa nguvu, na wewe ukacheka ukapenga na yako.

Sasa yuko kwenye ya tatu. Ya tatu!

Mwambie babu yako asante kwa nyama, kwa mafuta na kwa kikaango. Mwambie asante kwa kupita ile kona ya kanisa.

Na kuna jambo, nalisema haraka kabla hajasimama. Dirishani naona gari lake ameliegesha kichwa kikitazama barabara, na theluji inazidi. Kule kijitoni kuna upepo, kuni na yeye peke yake. Hapa chumba cha nyuma kina kitanda na mlango wake mwenyewe wa kutokea nje, hatatuona wala hatutamwona kama hataki, na kikaango hiki nimeshakizoea. Kwa hiyo Hanwi, mwombe babu yako, kwa heshima yote, kama ataona vyema, mpaka theluji iyeyuke, yeye

Ngoja. Unaniita.

Umeinua blanketi, kichwa chako kimetokea chini ya nyota, mafuta mpaka kwenye nywele, unasema, "Mama! Babu anauliza, Polisi alale wapi?"

Neno zima. Hujadondosha hata kidogo.

Mwambie babu yako Polisi alale hapa ndani karibu na jiko, na yeye babu yako alale, haya nakuja, mama, nakuja, usivute blanketi, mwambie alale