Kwa Baba Yetu Casimir, na Studebaker Uliyoimaliza kwa Vidole

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Septemba ulipotuaga bila kelele, ukiwa kitandani pako, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulikataa kabisa kulala bila kuusikia mtaa. Mama alikuwa amekushika mkono. Sisi wengine tulikuwa jikoni tukichemsha kahawa, tukidhani bado tunazo siku nyingi nawe.

Huku upande wa magharibi wa mji wa South Bend bado wanakuulizia. Ulipeleka barua katika mitaa hii tangu kiwanda cha magari ya Studebaker kilipofungwa, wewe ukiwa kijana, hadi mvi zilipokujaa. Bibi Kubiak wa pale kwenye kona anasema siku hizi barua zinafika vizuri tu, ila hakuna tena tarishi anayebisha hodi kuuliza kama mtu ameamka salama. Mbwa wa mtaani ulikuwa ukiwabebea makoko ya mkate. Mifuko ya koti lako ina makombo mpaka leo, na Mama amekataa lisifuliwe. Theluji ikianguka, ulikuwa unafagia mlangoni kwa jirani kabla ya kwetu, kisha ukiulizwa unakana.

Lakini wengi wanakukumbuka kwa lile gari, na sisi pia tukitaka kukushukuru hatuwezi kuliruka.

Ulikuwa umestaafu na hujui uifanyie nini miguu yako. Mama akakuchukua mnadani, kwenye shamba moja karibu na Walkerton, akitafuta chupa za kuhifadhia matango. Kufumba na kufumbua umepotea. Alikukuta ghalani, nyuma ya marobota ya nyasi kavu, umesimama na kofia mkononi kama mtu aliye kanisani. Mbele yako ilikuwa Studebaker Champion ya mwaka 1950, ile yenye pua iliyochongoka katikati kama pua ya ndege. Matairi yalikuwa yameoza, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma.

"Dolores, njoo uone," ulimwita Mama.

"Nimeona. Kutu."

"Tazama chini ya kutu."

"Chini ya kutu kuna kutu nyingine, Kazio. Twende nyumbani." Kazio ndilo jina alilokuita yeye.

"Marehemu baba alikuwa akifunga milango ya magari haya," ulimwambia. "Huenda mlango huu ameushika."

"Huenda ameushika akauacha. Nawe fanya vivyo hivyo."

Ukalinunua. Gari la Mama likatolewa gereji likawa linalala nje, na kila asubuhi ya baridi alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo chake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ili umsikie.

Hukuwa na haraka. Watu walikuuliza utaliuza lini, ukawatazama kana kwamba wamekuuliza utamuuza binti yako Renata lini. Ulilifungua kipande kwa kipande, ukavitandaza vipande hivyo nyumba nzima: taa za mbele juu ya kabati la sahani, usukani nyuma ya mlango wa choo, bampa chini ya kitanda cha wageni. Mikutano ya kubadilishana vipuri uliijua kuanzia Indiana hadi Ohio, na ulirudi na kipande cha chuma kama mwindaji aliyerudi na swala. Mkesha mmoja wa Krismasi tulikuta umeweka kabureta mezani, mbele ya kile kiti ambacho kwa desturi tunakiacha wazi usiku huo kwa mgeni asiyetarajiwa. Ulikuwa umeisafisha hadi inameremeta, ukataka tuione kabla ya samaki.

"Mgeni wako ananuka petroli," Mama alisema. Lakini hakuiondoa. Ilikaa hapo mpaka tukamaliza kula.

Miaka ikaenda. Bodi ikawa chuma kitupu, kutu imekwisha, injini iko juu ya mbao ikisubiri. Ndipo daktari alipokuambia kwamba katikati ya macho yako panakufa, na kwamba kitakachobaki ni pembeni tu. Hukutuambia. Mama aligundua alipokuona unamimina kahawa huku umetumbukiza kidole kikombeni. Akanyamaza, akidhani utasema mwenyewe. Badala ya kusema ukaendelea kwenda gereji, na mchana mmoja mashine ya kusugulia chuma ikakuchana kiganja. Mwanao Ted ndiye aliyekukuta umeketi juu ya kopo la rangi, mkono umefungwa kwa tambara, damu imejaa kwenye viatu.

Jumapili hiyo, mezani, Mama akiwa ameshatueleza habari ya macho yako, Ted hakuzunguka.

"Baba, nakuomba. Tuliuze. Litakuua."

"Hebu tuambie ukweli," Renata alisema. "Ukinitazama hivi unaona nini?"

"Naona masikio yako," ulimjibu. "Katikati hamna kitu. Si hasara kubwa."

Ulitaka tucheke. Renata akaanza kulia. Ukaisukuma sahani yako taratibu.

"Haya. Liuzeni."

Ukaenda kuketi dirishani. Ulikaa hapo siku ile, na kesho yake, na wiki iliyofuata, mikono juu ya magoti. Tulikuwa hatujawahi kuiona mikono yako haina kazi. Hata ukiwa na homa ulikuwa ukinoa visu.

Mtu alikuja kutoka Elkhart kuliangalia gari, viatu visafi, harufu nzuri. Ted alikuwa amempigia simu kwa nia njema, na hakuna anayemlaumu. Yule bwana akafungua mlango wa gereji, akaanza kugongagonga bodi kwa vidole. Mama, ambaye tangu siku ya ghala hakuwahi kulisemea gari lile neno zuri hata moja, akatoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni.

"Haliuzwi."

"Lakini mwanao ameniita, mama."

"Mwanangu ana nyumba yake. Akauze vilivyomo humo."

Alipoondoka yule bwana, Mama akavaa ovaroli yako ya kazi, akaikunja miguu mara kadhaa kwa sababu ilimzidi, akaja kusimama mbele yako pale dirishani.

"Kazio, inuka. Mimi sijui kitu. Niambie spana ni ipi na inageuzwa wapi."

Ulimtazama kwa pembeni, kama ulivyokuwa umezoea kututazama siku hizo. "Utachafuka," ulisema.

"Nimekuzalia watoto wawili. Uchafu naujua."

Hivyo ndivyo lile gari lilivyorudi kazini. Yeye alikuwa macho, wewe mikono na kumbukumbu. Ulipapasa boliti, ukautaja ukubwa wake, naye akakutafutia spana. Alikusomea vitabu vya mafundi kwa sauti ile ile anayosomea sala za Kwaresima. Majirani walipunguza sauti za redio wawasikilize.

"Geuza kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Kulia kwa boliti, Dolores. Boliti haina mke wala mume."

"Ndiyo maana ina bahati."

Mligombana, tunajua. Siku ya breki hamkula pamoja. Lakini tulianza kumwona Mama akija kanisani na grisi chini ya kucha, naye haoni haya kupokea Komunyo hivyo. Na wewe ulianza tena kupiga mluzi.

Ikabaki rangi. Uliitaka ile kijani uliyoiona utotoni, baba yako alipokupeleka langoni mwa kiwanda kumpokea mjomba. Hukuwa na picha yake wala jina lake, ulikuwa nayo kichwani tu. Leon Horvath, fundi wa rangi, alikusikiliza kwa subira, akachanganya, akapuliza. Tulipokwenda kulichukua gari tulitazamana. Lilikuwa limetoka zuri, ila si kijani uliyoieleza. Lilikuwa limeelekea kwenye samawati, samawati ya kijivu.

Leon alikuwa ameona mwenyewe. "Ninaweza kuikwangua nianze upya," alinong'ona. Ted akatikisa kichwa, akatuashiria tunyamaze. Wewe ulikuwa tayari umeweka kiganja juu ya boneti, ukikisogeza polepole, unatabasamu.

"Laini," ulisema. "Imetoka kama nilivyosema?"

"Hapana," Mama alijibu. "Imeelekea samawati, Kazio. Kama mto baada ya mvua."

Tabasamu likakutoka. Jioni ukaikataa supu. Ted alimwambia Mama, akijitahidi asipandishe sauti, kwamba ungeishi na kuondoka ukiamini ni kijani, na ingemdhuru nani?

"Ingenidhuru mimi," Mama alimwambia. "Ananiamini kwa kila boliti. Nikimdanganya kwa moja, atajuaje nyingine zimekazwa?"

Asubuhi ulitoka chumbani umenyoa ndevu. "Mto baada ya mvua," ulisema. "Pale darajani?"

"Pale darajani."

"Basi mwambieni Leon aiache."

Kwa macho yale hakuna ambaye angekuruhusu uendeshe, na wewe hukuomba. Mama, ambaye maisha yake yote aliendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe, akajifunza klachi akiwa na miaka karibu sabini, kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule. Ulikaa kando yake, sikio limeelekea kwenye injini. "Bado," ulikuwa ukisema. "Bado. Sasa." Na kwenye "sasa" anabadili. Mara ya kwanza mlipotoka barabarani gari lilimzimikia kwenye taa, na dereva wa nyuma akapiga honi bila huruma. Ulishusha kioo ukamwambia kwa upole, "Kijana, mke wangu ana hasira. Mimi mwenyewe nimetulia, nakushauri utulie." Yule kijana aliacha honi.

Kiangazi kile mkalipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Kila gari lilikuwa na kibao cha kukataza watu wasiguse. Ulimwomba Renata akuandikie chako, na ukasisitiza herufi ziwe kubwa: TAFADHALI GUSA. Wenye magari jirani walikuona umerukwa na akili. Watu wakapanga mstari. Waligusa ile pua, wakafungua milango na kuifunga wasikie mlio wake, wakakaa ndani. Ukawaambia kila kitu kilipotoka, na hukuacha hata mara moja kusema, "Hilo alifanya mke wangu."

Alikuja mama mmoja mzee na fimbo yake. Akaomba kuketi nyuma. Akapitisha mkono kwenye mshono wa kiti, mshono ambao wewe na Mama mliufuata uzi kwa uzi kutoka kwenye kitambaa cha zamani.

"Marehemu mume wangu alikuwa akishona viti vya magari haya kiwandani," alisema mwishowe. "Sikuwahi kuketi kwenye hata kimoja. Hatukuwa na uwezo wa kununua gari."

Ulimwambia akae anavyotaka. Maonyesho yakafungwa, watu wakaondoka, naye bado yumo. Mama akawasha injini, mkampeleka mpaka mlangoni kwake, yeye amekaa nyuma kama malkia. Kikombe cha mshindi walipewa wengine siku ile. Hukuuliza hata walipewa akina nani.

Tunakushukuru, Baba. Kwa makombo mfukoni, kwa theluji uliyoifagia ukakana, kwa kutuonyesha mtu anavyoweza kukubali msaada bila kupungua. Moyo ulipoanza kukusumbua ulimwambia Mama kwamba miaka ile ya giza ndiyo uliyomwona vizuri zaidi. Alituambia siku ya mazishi, akiwa amekaa kwenye usukani, kwa sababu alikataa mtu mwingine asiliendeshe lile gari nyuma ya jeneza lako. Hakukosea gia hata moja.

Utapenda kusikia na hili. Mwezi uliopita Mama alisema anakwenda Niles kumwona rafiki. Akarudi akiwa amekaa mbele kwenye lori la kukokotea magari, na nyuma yao kuna pikapu ya mwaka 1947, haina mlango mmoja, mti mdogo umeota kwenye bodi. Ted alikuwa amekuja kutuletea mahindi. Alisimama uani, suti ya kazini mwilini, akaizunguka pikapu mara mbili.

"Mama, hii ni kutu tupu."

"Naona. Mimi macho ninayo."

"Una miaka sabini na minne. Atakusaidia nani?"

Mama alimtazama tu, ametulia, mikono kiunoni, mpaka Ted akaanza kuvua koti.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani kwetu Jumapili hii, saa nne asubuhi. Baada ya Misa kutakuwa na soseji, kabichi na kahawa nyumbani, na gari litakuwa uani. Wote mnakaribishwa, na anayetaka kugusa aguse.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi Dolores, wanao Renata na Ted, mkweo Joanne, wajukuu wako Stella na Conrad, dada yako Wanda, fundi Leon Horvath, na majirani wote wa njia yako ya barua.

Pumzika kwa amani, Casimir Nowacki. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.