Tivaevae ya Mchungaji

Akaiti shosti, pokea simu! Haya, basi soma. Nimetoka ukumbi wa kanisa sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Leo si ndiyo tumemuaga mchungaji? Yule yule aliyetuhubiria mwezi mzima kwamba karata ni kitabu cha shetani. Na nani alipewa kubuni tivaevae yake, mfarishi wa kuagia? Shangazi Teupoko! Mwanamke anayelala na karata chini ya mto!

Tumeshona wee, yeye anasema ni maua na majani ya taro, nasi tunaitikia maua. Leo inakunjuliwa mbele ya waumini: kopa, shupaza, uru, pau. Katikati wanaume wawili wenye masharubu.

Shangazi, macho makavu: "Hao ni malaika, baba mchungaji."

Mchungaji akaangua kicheko. "Malaika gani, mama? Huyu jeki wa shupaza, huyu jeki wa pau! Shupaza ikiwa turufu, mwenye hawa wawili mkononi hafungwi!"

HAFUNGWI, shosti! Kinywani mwa mchungaji!

Mkewe akamgeukia taratibu: "Na wewe umejuaje?"

Akakohoa, akakohoa, mpaka nikamwonea huruma. Naongopa, sikumwonea.

Shangazi akamviringishia mchungaji tivaevae mabegani, na busu juu. Tivaevae haikataliwi wala haiuzwi, unajua mwenyewe. Atajifunika nayo yeye na mkewe kila siku, na akifa atazikwa nayo. Aende kwa Bwana na jeki wake wawili, tuone kama hafungwi!