Sahihi Chini ya Barua ya Kamati

Nyamira,
14 Agosti 1994

Kaka yangu Haron,

Asalaam aleikum. Mama amemaliza kuvuna mahindi, na paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kofia ya Baba. Baba tulimzika siku ile ile aliyofariki, hatungeweza kukungoja ufike kutoka Nairobi.

Barua ya kamati yenu ilikuja siku tatu kabla hajafariki. Macho yake yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nilimsomea mimi. Mlisema fainali za Kombe la Mkoa hazitachezwa tena hapa kwetu bali Kisii, kwenye jukwaa na vyoo, kwamba sifa za zamani hazikalishi watu. Labda ni kweli. Uwanja wetu hauna hata kiti kimoja. Una mistari tu, ambayo Baba aliichora miaka thelathini kwa jivu la jiko letu, nawe ulikuwa ukimshikia kamba.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Haron yumo kwenye kamati hiyo. Lazima alitupigania, wakamshinda." Akataka kujua nani ametia sahihi.

Sahihi ilikuwa moja tu, nami naijua tangu ukiwa darasa la tano.

Nilimwambia karatasi imelowa mvua, jina halisomeki. Akafa akikusifu kwa majirani.

Njoo umwone Mama, lakini barua hiyo usiitaje. Nimeichoma, na jivu lake nimelimwaga kwenye mstari wa goli.

Dada yako,
Kaltuma